Nusu ya Nywele Kwenye Leseni

Aibu niliyoipata Mbarara siwezi kuificha hata nikitaka, maana imechapishwa kwenye kadi ya plastiki yenye jina langu, kwa hiyo afadhali niwaelezee mwenyewe kuliko mkaisikie kwa watu wa sokoni wanaoiongezea chumvi (kuna mmoja anasema nililia, sikulia).

Mimi ni Esperansi, Mama Neema, nimetoka Fizi ng'ambo ya mpaka, na hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale nalima nyanya na maharagwe kama wenzangu. Tulipofika hapa mtu alijua mvua itakuja lini, na kuni zilikuwa nyuma ya nyumba. Siku hizi mvua inakuja kama mgeni asiyebisha hodi, posho imepunguzwa, kuni unazifuata mpaka njia ya Ngarama, na petroli ikipanda kidogo wenye bodaboda wanapandisha mara mbili, na nyanya zenyewe hazijui habari za petroli, zinaoza tu. Ndiyo maana kikundi chetu cha akina mama kikajikaza kikanunua tukutuku, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye kitanda cha mizigo nyuma. Ilikuwa imeshatumika na taa moja haiwaki, lakini yetu.

Shida ikawa nani aiendeshe. Wanaume wetu, ambao siku tulipokuwa tunachanga walikuwa kimya kama mawe, siku mashine ilipofika wote wakageuka madereva. Wa kwanza alikuwa Zakayo, shemeji yangu, mdogo wa bwana yangu.

"Mashine kama hii haiko ya bamama," akasema. "Inaomba nguvu."

Nikasema nitaiendesha mimi. (Sikuwa nimewahi kuendesha hata baiskeli.) Nikajifunza kwenye uwanja wa mpira, nikagonga goli, nikajifunza tena, nikafaulu mtihani wa barabarani, na Zakayo naye akafaulu, ndipo kikundi kikaamua kwamba kati yetu wawili atakayemaliza mambo ya leseni kwanza ndiye atakayeshika funguo. Ikabaki kupigwa picha Mbarara tu, na ujumbe ukaingia kwenye simu yangu na kwenye simu ya Zakayo: siku moja, asubuhi moja, sisi wote.

Sasa sikilizeni nilivyojiharibia. Baba Neema aliniambia, "Enda vile uko." Mume wangu haongei sana, na siku akiongea mimi simsikii, huo ndio unyumba wetu. Nilikuwa na misuko ya zamani, imechakaa kama kikapu cha kubebea mihogo, nikaona picha ya leseni ni ya miaka, itakaa mfukoni kuzidi hata hasira zangu, acha nikanyoe niwe nadhifu kama mwalimu wa sekondari. Usiku wa kuamkia siku ya picha nikafumua, asubuhi mapema nikaenda kwa Baba Amisi.

Baba Amisi ni kinyozi tangu mji wa Baraka kule kwetu, na mkasi wake ulikuwa na sifa, mtu anatoka kwake akiwa na kichwa cha mviringo kama chungwa. Lakini mwaka huu naye ameingia kwenye maendeleo: paneli ya sola juu ya bati, betri chini ya kiti, mashine inayolia kama nyuki, na muziki wa kuchangamsha wateja. Mkasi akampa mtu, akasema ni mambo ya zamani. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi, vumbi hadi kwenye meno, nani angewaza mawingu? Mashine ikapita upande wa kushoto, ikasafisha kutoka sikioni mpaka utosini, vizuri kabisa, nikajitazama kwenye kioo nikaona upande ule nimepungua miaka kumi. Halafu bati likaanza: pa, pa, pa. Mvua! Mwezi wa saba! Mashine ikalia nyiii, ikashusha sauti kama mbuzi anayesinzia, ikanyamaza.

"Mama Neema," akasema Baba Amisi polepole, "kuran ya betri imekwisha."

"Imekwisha namna gani? Na upande huu?"

"Jana mawingu ilikuwa mingi, tena batu baliniletea simu za kuchaji. Tungojee jua."

"Jua gani, Baba Amisi? Gari ya Mbarara inaniacha!"

"Niko na wembe, lakini nywele zako ni mingi, nitakukata ngozi." Akafikiri. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayeangalia nyumba iliyoungua upande mmoja. "Hii nusu ni bure, mama."

Nje gari lilikuwa linapiga honi. Nikachukua kitenge changu, nikafunga kilemba kikubwa cha harusini, kinachofunika masikio na paji la uso, nikaingia. Zakayo alikuwa ameshakaa mbele, amechana nywele, amevaa koti la kaka yake (ndiyo, la bwana yangu).

"Kilemba iko mukubwa leo, shemeji."

"Ni baridi," nikasema.

Njia nzima nilikuwa na mpango. Mbarara ni mji, nikajiambia, Mbarara umeme haungoji jua, nitashuka, nitaingia saluni ya kwanza, nitamaliziwa upande wa kulia, nitapigwa picha, hakuna atakayejua. Tukafika. Nikamwambia Zakayo ninaenda kununua maji, nikakimbia. Saluni ya kwanza: umeme umekatika. Ya pili: umeme umekatika. Mtaa mzima ulikuwa umekatika! Saluni ya tatu ilikuwa na jenereta, nikashukuru Mungu, lakini kwenye kiti alikaa bwana mmoja anayepakwa rangi ya ndevu, na hakuwa na haraka ya maisha, na kabla hata hajaanza kuoshwa simu yangu ikalia. Zakayo. "Shemeji, uko fasi gani? Banaita jina yako!"

Sauti yake ilikuwa na furaha. Nikarudi mbio.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu, madawati mpaka ukutani. Mbele alikaa dada mmoja mwenye kamera na kompyuta, mpole, amechoka. Zakayo akaniambia yeye yuko nyuma yangu kwenye foleni, ila anatoka mara moja kutafuta chapati. Nikakaa kwenye kiti cha picha, nikanyoosha shingo, nikatabasamu.

"Nyabo," akasema yule dada, maana huku mama ndivyo anavyoitwa, "toa hiyo kitambaa. Kompyuta inataka kuona sikio yote mbili."

"Mimi ni mtu wa kanisa," nikasema.

"Hata mimi ni mutu ya kanisa. Toa."

"Hakuna anayeruhusiwa kubaki nacho?"

"Masista tu, na mama Waislamu. Lakini uso yote ionekane."

Ndugu zangu, mimi ni Mprotestanti. Baba yangu alikuwa shemasi. Sijui ni nani aliyefungua mdomo wangu.

"Basi mimi ni sista," nikasema.

Dada akaacha kompyuta. "Sista ya wapi?"

"Ya Nakivale."

"Shirika gani?"

"Masista wa… wa Safari," nikasema, maana mawazo yangu yote yalikuwa kwenye leseni.

Nilidhani atacheka. Kumbe yeye ni Mkatoliki wa kweli kweli, akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema samahani Sista, sikujua, nguo yako haikuwa kama ya masista (nilikuwa nimevaa kitenge chenye picha za kuku). Na kabla sijapumua, bibi mmoja kwenye dawati la mbele akajikokota mpaka kwangu, akanionyesha goti lake, akasema Sista, ombea hii, inanisumbua tangu hii mvua ya asubuhi ianze.

Ningefanya nini? Nikaliombea. Na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu mimi kuomba najua namna moja tu, ya kwetu: nikafumba macho, nikaweka mkono kwenye goti, nikaanza chini chini, nikapanda, nikaanza kufukuza maumivu kwa sauti, nikapiga kelele "Toka! Toka kwa jina la Yesu! Haleluya!" mpaka mlinzi wa mlangoni akaja kuangalia nini kinafukuzwa. Nilipofumbua macho ukumbi wote ulikuwa umesimama. Yule dada wa kamera alikuwa ananitazama kwa macho membamba, na nadhani alikuwa anajiuliza hili shirika la Safari limeanzishwa na nani.

Ndipo Zakayo akaingia na chapati yake.

"Shemeji!" akaita tokea mlangoni, simu mkononi. "Baba Neema anauliza funguo ya ghala uliweka fasi gani, tena anasema mutoto wako wa mwisho amekataa kunywa uji!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Mnajua macho ya watu wengi? Yana uzito.

"Sista iko na bwana?" akauliza bibi wa goti.

"Sista nani?" akasema Zakayo, anatafuna. "Huyu ni muke ya kaka yangu. Watoto sita."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa mlinzi. Yule dada hakucheka, aliumia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Akasema kwa sauti ndogo, "Nyabo, kwa nini unanidanganya? Toa kitambaa."

Nikakitoa.

Sasa kicheko kikaja chote. Watu walishikana mabega. Mtu mmoja nyuma akapanda kwenye dawati ili aone vizuri, na simu zilikuwa juu kama mikono ya ibada. Nilisikia baridi upande wa kushoto wa kichwa na joto upande wa kulia. Zakayo peke yake hakucheka, alimeza chapati, akanikaribia, akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Shemeji, pole. Rudi nyumbani, unyoe vizuri, utapewa siku ingine. Mi nitapiga yangu leo. Hakuna neno."

Hakuna neno! Nikamwangalia. Nikaona funguo za tukutuku machoni mwake. Nikakumbuka kina mama wenzangu walivyokuwa wanabeba nyanya kichwani wakati mashine yetu imefunikwa turubai inangoja mwenye leseni, na wao hawakunituma Mbarara nikapendeze. Aibu ikageuka hasira, na hasira mimi naiweza kuliko aibu.

"Dada," nikamwambia yule wa kamera, "kukudanganya nimekosa, unisamehe. Lakini kichwa hiki ni changu, masikio ni haya mawili. Piga."

"Mama, hii picha itakaa miaka mingi."

"Ikae."

"Watakucheka kila fasi."

"Wameshaanza, na sijafa. Piga!"

Akanipiga. Na nawaambieni, katika ukumbi ule ni kompyuta peke yake iliyonipa heshima: ilihesabu macho mawili, pua moja, masikio mawili, ikasema sawa. Bibi wa goti alipokuwa anatoka akanigusa bega. "Wewe si sista," akasema, "lakini goti imepungua kidogo." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananifariji au ananicheka.

Video ilinitangulia Nakivale. Niliposhuka garini watoto waliniimbia "Sista Nusu," na Baba Amisi alikuwa amefunga duka kwa woga. Baba Neema alinitazama, akaniwekea maji ya kuoga (kwa hilo nampenda). Kesho yake jua lilitoka, nikamtoa Baba Amisi alikojificha, nikakaa kwenye kiti chake nje, mchana kweupe, sokoni kukiwa kumejaa, akanimaliza upande wa pili watu wakitazama. Nikawaambia anayetaka kupiga video asogee karibu, asipate giza.

Jumapili mchungaji akaniita mbele. Alisema habari zimemfikia za muumini wake aliyejifanya sista wa Kikatoliki ili apate karatasi za dunia. Kanisa lote likainamisha kichwa ili licheke chini. Nikashika kipaza sauti.

"Kwa uongo natubu," nikasema, "na yule dada wa Mbarara Mungu ambariki. Kwa kichwa sitatubu. Kichwa hakikutenda dhambi."

Kina mama wa kikundi wakapiga vigelegele. Mchungaji akatangaza wimbo haraka.

Leseni yangu ilitoka kwanza, funguo nikashika mimi. Zakayo naye alipata yake, picha safi, koti la kaka yake limekaa vizuri, naye anaendesha siku za Jumamosi, siku nyingine anapanda nyuma na magunia, na sasa anakubali kwamba mashine haiombi nguvu, inaomba akili. Wiki iliyopita askari wa barabarani alinisimamisha njia ya Ngarama, nimejaza nyanya, akaangalia kadi, akaniangalia, akaangalia kadi tena.

"Hii ni wewe?"

"Ni mimi, afande."

"Na nywele ingine ilienda wapi?"

"Ilibaki Nakivale."

Akaita mwenzake, wakaicheka hiyo kadi kwa zamu, wakaigeuza juu chini, mmoja akafuta machozi. Mimi sikushuka, wala sikuzima mashine.

"Afande," nikasema, "chekeni, mkimaliza mnirudishie. Nyanya zinaiva."

Nimeapa sitadanganya tena mtu mpole aliye kazini kwake. Hilo nimeliapa mbele ya Mungu na mbele yenu. Na siku nyingine nikiwa na aibu chini ya kilemba, sitangoja niambiwe toa. Nitakivua mwenyewe mlangoni, niwasalimie, halafu niulize foleni inaanzia wapi.