Alikosea kuchanganya oili, akamchafua muuza petroli

Umande ungali mzito kwenye mikorosho ya Kitangari, wilayani Newala, Bartholomayo Chilumba anapochutama mbele ya dumu la petroli. Mkononi ana bomba la sindano lisilo na sindano. Anavuta oili hadi alama ya kumi, anaimimina dumuni. Anafanya hivyo mara nne kwa kila lita, akihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kisha anatikisa dumu, anajaza tangi la mashine ya kupulizia na kuvuta kamba. Mashine inawaka. Anaibeba mgongoni, anaelekeza mdomo wa bomba lake juu, na unga wa njano wa salfa unapanda hadi kwenye maua. Hana muda wa kupoteza. Jua likikausha majani, unga haushiki, na ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua yote.

"Kupima hivi nimeanza mwaka huu," anasema baada ya kumaliza shamba la kwanza. "Miaka kumi na minne nilipima kwa kifuniko."

Bartholomayo, 46, hupulizia mikorosho ya watu kwa ujira. Kwa asubuhi moja hufikia miti sitini. Mashine yake ni ya zamani, aliinunua ikiwa imeshatumika, na huendeshwa kwa petroli iliyochanganywa na oili. Aliyemfundisha kazi alimwambia vifuniko vinne vya chupa ya oili kwa lita moja, basi. Wapulizaji wengi wa hapa hupima hivyo.

Julai mwaka jana alinunua oili ya chapa nyingine. Aliendelea na vifuniko vyake vinne.

"Moshi ulipungua," anasimulia. "Nikajisifu kwa wenzangu kwamba nimepata oili safi. Kumbe mashine ilikuwa inakufa."

Siku ya tatu ilitoa mlio wa chuma kusaga chuma, ikasimama. Kamba haikuvutika tena. Ilikuwa imenoki, miti ya watu arobaini ikiwa na maua.

Kesho yake, kwenye ghala la chama cha wakulima, watu wakiwa kwenye foleni ya salfa, alimwona Mwanakombo akipita. Huyu ndiye aliyemuuzia petroli. Ana umri wa miaka 58, na wengi humwita Mama Abuu.

"Nilipaza sauti," Bartholomayo anasema, macho yakiwa chini. "Nikasema, 'Huyo hapo, amechakachua petroli! Ameniuzia mafuta ya taa!' Watu wakacheka. Nilipoona wanacheka, nikamwita Bibi Kibatari."

Jina likashika. Watoto waliliimba mlangoni kwake. Mwanakombo, aliyekuwa akiuza lita arobaini kwa siku wakati wa msimu, akashuka hadi sita, kisha akafunga. Wakulima wakawa wanafuata petroli Newala mjini.

Septemba, Bartholomayo alipeleka mashine Masasi kwa fundi Rajabu. Fundi alifungua silinda, akatoa pistoni iliyochanika mistari kama iliyokwaruzwa na msumari.

"Petroli haina kosa, kaka," Rajabu alimwambia. "Hii imekosa oili. Unapimaje?"

Bartholomayo alimwonyesha kifuniko cha oili yake mpya. Rajabu akatafuta chupa ya oili ya zamani, akajaza vifuniko vyote viwili maji. Kifuniko kipya kilibeba nusu tu ya kile cha zamani.

"Mashine mpya lita hamsini za petroli kwa moja ya oili zinakubali," Rajabu alimweleza. "Hii yako mzee. Inataka ishirini na tano kwa moja. Wewe umeipa chakula cha wajukuu."

Bartholomayo alicheka na fundi. Hakucheka njiani.

Wala hakusema. Aliporudi Kitangari na watu walipomuuliza, alijibu kwamba vifaa vilichakaa. Kwa miezi minane alizunguka kwa njia ya nyuma ili asipite mbele ya nyumba ya Mwanakombo. Mwezi uliopita, msibani, alisikia kijana akimwambia mama huyo ampishe, "Bibi Kibatari". Kijana yule hakujua jina limetoka wapi.

"Nililitunga mimi," anasema. "Nilikuwa nimeshika sahani ya ubwabwa. Niliiweka chini."

Kesho yake alikwenda kwake.

"Shikamoo, Mama Abuu."

"Marahaba, Baba Witness. Leo njia ya nyuma imefungwa?"

Alimweleza yote. Mwanakombo aliendelea kupepeta mchele hadi alipomaliza.

"Uliponichafua walikuwepo watu wangapi?" aliuliza.

"Wengi, mama."

"Sasa unakuja kunisafisha jikoni, mimi na kuku wangu?"

Mwanakombo mwenyewe ananithibitishia maneno hayo. Ninapomwambia kwamba habari itatoka gazetini, anacheka. "Gazeti mtu anafungia vitumbua. Aseme kwa mdomo uleule, palepale ghalani."

Jumamosi hii chama kina mkutano. Bartholomayo anajua gharama yake: nani atampa mikorosho mtu aliyeshindwa kupima oili, kisha akasingizia? Tayari wenye mashamba watatu aliowadokezea wametafuta mpulizaji mwingine.

Alipomwomba katibu nafasi ya kuzungumza, aliwekwa mwisho kabisa, kwenye mengineyo.

"Nilifurahi," anakiri, akifuta unga wa salfa usoni. "Kufika mengineyo, nusu ya watu wameshaondoka."

Furaha hiyo ilimfuata hadi nyumbani na kumnyima usingizi. Asubuhi alirudi kwa katibu.

"Niweke kwanza."

"Kabla ya pembejeo?" katibu alishangaa. "Pembejeo ndiyo inayowaleta watu wote."

"Ndiyo maana."

Katibu alikata mstari, akaandika upya. Mwanakombo amepelekewa ujumbe, akajibu kwa kuuliza saa ngapi.

Bartholomayo hategemei kusamehewa siku hiyo. Anachotaka ni watu wakitoka pale wawe wanamcheka yeye.

"Wanicheke msimu mzima," anasema, akiinua mashine kwenda shamba la pili. "Lakini petroli wakanunue kwake."