Watoto Niliowapanga Ukutani

Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi na kitabu cha shule, kile cha picha kubwa na maneno machache, akakiweka magotini pangu. Ni habari ya mwanamke fundi wa kuchora. Mwanzo ni msichana mdogo ameshika mkaa. Mwisho ni mama mzima, na watu wamekuja kutazama kuta zake, wanampigia makofi. Vitabu vya namna hii siku hizi ni vingi, na vyote huishia kwa makofi. Nilikifunga. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kuingiwa na ile baridi ninayoijua.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hivyo mtanivumilia. Majina siandiki, lakini waliofanya nitawasema: mke wa baba yangu mdogo, na mwalimu wa hilo darasa la nne. Watu wa kwetu wakisoma watawajua.

Baba alikufa nikiwa mdogo sana, tukabaki mimi na mama kwa boma la mdogo wake, baba mdogo, ng'ambo kidogo ya Runyenjes, katika nyumba ya pembeni karibu na migomba. Tulikuwa watu wa kuvumiliwa. Mama alinifundisha nisicheke sana, nisichelewe kisimani, na nisimjibu mama mdogo, huyo mke wa baba mdogo. Mahali pengine pa kwenda hatukuwa napo, na mama mdogo hakuacha tusahau.

Ilikuwa enzi za maziwa ya shule, yale tuliyogawiwa bure. Mwalimu wetu, msichana aliyetoka upande wa Meru, pale Kaaga, alikuja na kitabu kimoja cha picha kwa darasa zima, jalada lake limeshonwa kwa uzi. Kilikuwa cha mwanamke aliyechora watu wa kwake kwenye ukuta wa nyumba, mmoja baada ya mwingine, ili anayepita njiani ajue nani anaishi pale. Tulikishika kwa zamu. Mwalimu akasema, "Nendeni mkachore watu wenu. Mwanamke pia anaweza kuwa fundi wa picha." Sikuwa nimewahi kusikia mtu mzima akisema neno kama hilo.

Jiko la mama mdogo lilikuwa limepakwa chokaa kwa sababu ya Krismasi. Wao walikuwa shambani wakichuma kahawa. Nilikata mkungu mchanga wa ndizi, nikachovya kijiti katika utomvu. Utomvu wa ndizi ukiupaka ni kama maji tu, huuoni vizuri. Ukikauka unageuka kahawia, na kila siku unazidi kuwa mweusi. Kila mtoto wa kwetu anajua, maana amechapwa kwa ajili ya shati la shule. Nilitaka picha isiyofutika, basi nikawachora watoto wa mama mdogo kuanzia mkubwa wao, wameshikana mikono.

Walikuwa wangapi? Hata leo sisemi. Kwetu watoto wa mtu hawahesabiwi. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi atakwambia wapo, na wewe utanyamaza. Hilo nililijua tangu nikinyonya. Kitu ambacho sikujua ni kwamba kuwapanga mstari ni kuwahesabu.

Utomvu uliniishia kwa yule wa mwisho, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Hakupata miguu.

Mama mdogo aliteremsha kikapu cha kahawa, akatazama ukuta. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nani amehesabu watoto wangu?"

"Sijahesabu, mama mdogo. Nimechora."

"Umewapanga kama mbuzi wa mnadani, ati hujahesabu." Akasogea karibu na ukuta. "Na huyu mbona ameishia kwa tumbo?"

"Mwalimu alisema tuchore..."

"Mwalimu alisema umkate mtoto wangu miguu?"

Mama yangu alisugua ule ukuta kwa majivu mpaka vidole vikachubuka. Chokaa ikatoka, utomvu ukabaki. Wakapaka chokaa upya, mara mbili, ukuta ukawa mweupe kabisa. Baada ya siku chache watoto wakaanza kutokea tena kwa chini ya ile chokaa, kwanza vichwa, halafu mikono iliyoshikana. Nikawa naenda kisimani kwa njia ya nyuma ili nisionane nao.

Kisha yule wa mwisho akashikwa na homa. Homa ilipopungua wakamweka chini asimame, akakaa. Wakamwinua, akakaa tena, miguu kama kamba. Wakampeleka hospitali Embu. Kisimani wanawake walisema wazi, mimi nikiwa hapo na mtungi wangu, kwamba mtoto asiposimama, mchawi na mama yake watatoka kwa hilo boma. Nilitazama nyuma kuona wanamsema nani.

Jioni mama aliniambia, bila kuniangalia, "Usimtazame mtoto wa mtu usoni." Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Niliona kwamba hata mama hana hakika na mimi. Na mimi nikaanza kukosa hakika. Nilikuwa naangalia mikono yangu kama mikono ya mtu mwingine iliyofichwa kwa nguo yangu.

Nikafikiri kama mtoto anavyofikiri: miguu ndiyo ilikosekana, basi nimpe. Mchana watu wakiwa shambani nilikata mkungu mwingine, nikaenda pale ukutani, nikaanza kumchora miguu. Nilichora polepole, kwa sababu niliogopa miguu ikitoka imepinda atatembea amepinda. Wa kushoto uliisha. Nilikuwa kwa goti la kulia niliposikia mlango. Mama mdogo alikuwa amerudi kutoka hospitali kuchukua nguo za mtoto, na akanikuta na kisu cha kukatia ndizi mkononi.

"Njooni muone," akaita, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Amerudi kazini."

Kesho yake tuliwekwa katikati ya uwanja, mimi na mama, mbele ya baba mdogo na wazee wa kanisa. Mwalimu akaitwa. Nilipomwona anaingia nilipumua, maana yeye ndiye aliyejua. Mkoba wake alikuwa nao, na jalada la kitabu lilichungulia na ule uzi wake.

"Mwalimu," mzee mmoja akauliza, "wewe ulimtuma huyu mtoto kuchora watu?"

Mwalimu alikuwa amepanga nyumba ya baba mdogo. Alimtazama yeye kwanza, halafu mzee. Mimi hakunitazama.

"Mimi nafundisha kilicho kwa silabasi. Habari ya kuchora watu siijui."

Akakisukuma kitabu ndani ya mkoba kwa kiwiko.

Tuliondoka kabla ya siku ya soko. Mama alipata chumba Runyenjes, akauza ndizi, na mimi nikaenda kubeba watoto wa watu wengine, nikiwaangalia kisogoni tu. Shule ikaishia hapo. Yule mtoto alirudi kutoka Embu, na baada ya muda akatembea. Hakuna aliyekuja kutuita turudi. Leo ni baba wa watu, anabeba makadamia kwa bodaboda, na akinipita barabarani ananipigia honi. Mama yake hunisalimia kanisani kwa mikono miwili kama kwamba hakuna kitu.

Sasa, nilipokifunga kile kitabu wiki iliyopita, mjukuu alikifungua tena.

"Shosho, ticha amesema tuchore familia yetu."

"Chora kuku."

"Kuku si familia, Shosho."

"Huyu mwekundu anakula kwetu kuliko wewe."

Alicheka, lakini karatasi akaitandika. "Tuko wangapi?"

"Tupo."

"Wangapi?"

"Nimesema tupo."

Ningeweza kumnyang'anya kalamu. Mkono wangu ulishaenda nusu ya njia. Lakini ningemwambia nini, na yeye angekaa na hiyo hofu mpaka lini?

"Anza na mimi," nikasema. Nilifikiri, kama kuna baya lolote, lianzie kwangu. "Na kila mtu umpe miguu kwanza. Kichwa baadaye."

"Kwani watu huanza na miguu?"

"Kwetu huanza."

Akainama, ulimi nje, akachora yangu, ya mama yake, ya wajomba, ya kitoto cha juzi. Miguu ikajaa chini ya karatasi, imesimama, bado haina watu. Nilivuta kiti karibu nikaihesabu kimoyomoyo, kisha nikashtuka nikaacha, nikangoja aingie kwa vichwa.