Kimeru cha Mama Eliud

Watu wa filamu walipopanda hadi kijijini, juu kabisa ya Tengeru, walikuwa wanatafuta bibi mwenye moto na moshi. Wakamkuta Anande, mama Eliud, akikoroga loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, kwa ajili ya watoto wa majirani. Siku za soko akina mama huteremka na mikungu yao ya ndizi, watoto wakabaki kwake. Wakamwondolea sufuria, wakamwekea chungu cheusi walichokuja nacho, wakamwomba akoroge na kusema chochote kwa Kimeru. Akasema yale anayoyasema kila siku. Wakamshukuru, wakampa kitenge, wakaenda zao.

Hakuna aliyemwambia kwamba filamu yenyewe ni ya vijana waliopotea mlimani, wakawindwa na wenyeji mmoja baada ya mwingine, wakaishia chunguni. Alikuja kujua mwaka uliofuata, kipande chake kiliposambaa kwenye simu: Anande katikati ya moshi, mwiko mkononi, na chini yake maandishi ya Kiswahili, "Mwenye nyama laini nitamla mimi." Mlima mzima wa Meru, wenye kahawa na migomba na makanisa, umegeuzwa jiko la wala watu, na mpishi mkuu ni yeye!

Mwanzoni alicheka. Ikaja siku ya soko, uani kwake kimya. Lydia, ambaye mwanawe Mika alijifunzia kutembea uani hapo hapo, alipita njiani na mkungu kichwani na mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama," akasema bila kusimama. "Leo nitakuwa naye tu."

Siku ya soko iliyofuata akawa naye tu tena, na wenzake hivyo hivyo. Anande akabaki na sufuria iliyojaa na hasira ya kuichemsha bila kuni.

Jumapili akaipeleka loshoro kanisani kwa ajili ya mnada wa sadaka. Baada ya ibada, kwenye uwanja wa kanisa, mzee Melkizedeki, dalali wa usharika, mtu wa kuuza yai moja kwa maneno ya kuuzia ng'ombe, akaanza kuinadi. Kimya. Akatania, akashusha bei, akashusha tena. Watu wakatazama viatu vyao. Miaka yote waliigombania loshoro hiyo mpaka wakanuniana, leo hata wa kuonja hakuna. Mzee akaiweka chini taratibu, akainama kuchukua kuku.

"Kuku asubiri, baba," Anande akasema, akasogea mbele. "Lydia, toa simu. Usiniambie hicho kipande huna."

Lydia akatoa simu, akakifungua. Sauti ya Anande ikasikika pale uwanjani, ya upole, ikiita.

"Hapo nasema nini?"

"Mama, mimi..."

"Wewe ni Mmeru, umezaliwa hapo chini kwa Nathanael. Waambie nasema nini."

"Unasema, njooni mle wanangu, naweni mikono kwanza, aliye mdogo atakula na mimi."

"Umeelewa leo, au ulielewa tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza, mama."

Anande akawageukia wengine. "Wale watu wa filamu ni waongo, na nikiwapata watanitambua. Lakini wao lugha yangu hawaijui. Ninyi mnaijua. Mmenisikia kwa masikio yenu nikiwaita watoto wenu kula, mkaamini maandishi ya mtu asiyejua hata jina langu."

Mzee Melkizedeki akavua kofia. Anande akainua sufuria yake, akaanza kuondoka nayo, na Lydia akamfuata mpaka njiani.

"Mama, Jumatano, siku ya soko, nimlete Mika?"

"Mlete. Mika hajanikosea kitu," Anande akasema. "Ila wewe utaishia nje ya uzio, mpaka nitakapokuita."