Mpangaji Hagombezwi

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya nyumba pale Kaloleni. Mbele yangu alisimama jirani yangu, mjane, aliyekuwa karibu kufukuzwa katika nyumba yake. Alishtakiwa kwamba analaza watu kwa pesa, jambo ambalo kanjo, yaani baraza la jiji, haitaki kabisa katika nyumba zake.

"Huyu ni mtoto wa dada yangu, anatafuta kazi Industrial Area," alisema, akimwonyesha mwanamume mwenye ndevu kando yake.

"Wote husema hivyo, mama," karani akajibu. "Huyo ni mpangaji. Utahama."

Mjane akamgeukia yule mwenye ndevu. "Na wewe toa kofia! Unalala mpaka jua linakuchoma, maji huchoti, uji wa watoto umemaliza!"

Jamaa akavua kofia, macho chini. "Nisamehe, mama."

Mjane akaegemea kaunta. "Sasa niambie, bwana karani. Angekuwa ananilipa, ningemgombeza hivi?"

Foleni nzima ilicheka. Karani naye akashindwa kujizuia. "Rudi nyumbani kwako, mama. Hakuna atakayekuhamisha."

Tulimpigia vigelegele mpaka mlangoni. Mimi niliwahi kulala chumba cha kulipia huko Nakuru, nikavunja kikombe, wenye nyumba wakaniambia si kitu. Hapo ndipo nilipojua siko kwetu.