Mkono wa Mtu Hauvutwi Kama Ndama

Mwanangu, nikikuona unazungusha bega huku umekunja uso, inanijia siku moja ya kule Kamanga, nilipokuwa bado mke mgeni. Mavuno yalikuwa yamekwisha na vijana wanacheza bugobogobo, ngoma yetu ya kurusha majembe na kuyadaka. Mume wangu Masanja alikuwa fundi wa kurusha, na sifa alizipenda, wewe acha tu!

Akarusha juu mno. Jembe likaangukia nyuma, naye akanyoosha mkono kulifuata. Tukamsikia, "Mamaa!" Bega limepoteza umbo: juu pamebonyea, mfupa umetokeza mbele, mkono hauinuki. Mkulima bila mkono wa kulia ataishije, na mimi tumbo limeshaanza kuonekana?

Sasa, kwetu kila mwanaume aliyewahi kumzalisha ng'ombe hujiona daktari wa mifupa. Wawili wakamlaza chini, mmoja akavua kiatu ili aweke kisigino kwapani avute. Mama mkwe wangu, mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akaja mbio kutoka jikoni.

"Mwacheni! Mnavuta ndama hapo? Mkimkata mshipa, nani kati yenu atamlimia?"

"Mama, tunamsaidia."

"Msaidieni kwa kutomgusa!"

Masanja mwenyewe alikuwa analilia avutwe, masikini. Lakini mama akaufunga ule mkono kifuani kwa khanga, vilevile ulivyokaa, tukapanda kivuko kwenda Mwanza. Njia nzima anambonyeza vidole: "Unasikia?" "Nasikia, mama."

Hospitali wakapiga picha kwanza. Mfupa haukuvunjika, ulichomoka tu. Wakampa dawa ya maumivu, wakaurudisha taratibu. Daktari akatuambia kwamba kama ungekuwa na ufa, kuvuta kule kungeumaliza. Ashukuriwe Mungu! Nililia na kucheka pamoja, nikamkumbatia mama mkwe mpaka kilemba kikamvuka. Masanja alikaa wiki kadhaa mkono ukining'inia shingoni, akinung'unika kutwa, kisha akafanya mazoezi aliyofundishwa. Msimu uliofuata alilima, na mtoto wetu alipozaliwa, akambeba kwa mkono uleule.

Basi sikia, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ukianguka bega likabadilika umbo, au mkono ukakataa kuinuka, au vidole vikafa ganzi, usivutwe wala usichuliwe. Lifunge lilivyo, nenda hospitali. Kama ni msuli tu umevutika kwa kubeba magunia ya dagaa pale Igogo, pumzika, weka barafu iliyoviringishwa kwenye kitambaa, na maumivu yakipungua lichezeshe kidogo kidogo lisije likakakamaa. Likiendelea kukunyima usingizi, usijifanye dume. Mficha maradhi kilio humfichua. Tena lingine: bega likiuma huku kifua kinabana na jasho jembamba linakutoka, hapo usisingizie kazi. Huenda ni moyo huo, wahi hospitali saa ileile.

Wale vijana hawakuwa na ubaya, mwanangu. Walimpenda Masanja, na mapenzi yao nusura yamfanye kilema. Mungu akulindie viungo vyako vyote, na siku utakapoanguka, akujalie mtu mmoja tu mwenye ujasiri wa kuwaambia wanaokupenda: subirini.