Mafuta ya Papa Chini ya Rangi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya bandari ya Kismayu sikupewa brashi. Fundi Mkuu alinipa kisu kipana cha kukwangulia, akanionyesha ubavu wa mashua kuukuu. Nikakwangua mpaka adhuhuri. Chini ya buluu ikatoka nyeupe, chini ya nyeupe kijani, kisha nyekundu iliyopakwa kabla sijazaliwa. Nilisahau hata njaa. Nyinyi vijana mnaoniuliza nilisomea wapi uchoraji, nilisomea hapo.

Fundi Mkuu alikuwa Mbajuni mwenzangu, mkali kama pilipili. Alinifundisha shahamu, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, ya kupaka tumboni mwa mashua mbao zisiliwe na wadudu. Alinifundisha pia sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo ni ya mbao tupu peke yake.

"Rangi haishiki juu ya sifa," alisema kwa Kibajuni chake, ambacho mtu ni mchu. "Mchu akikwambia inashika, muulize yeye atasafiri na chombo hicho lini."

Vita vilipofika, wenye bunduki waliichukua karakana. Mkubwa wao tulimwita Kamanda. Siku moja wakaleta mashua ya shemeji yangu, waliyoipora kisiwani Kudhaa. Kamanda akaniamuru nifute jina la mashua ubavuni na kuipaka nyeusi, apate kuiuza. Badala ya kulikwangua jina, nililipaka sifa, kisha nyeusi juu yake.

Kamanda akaja kukagua. Akainusa.

"Mbona inanuka papa?" akauliza kwa Kisomali.

"Kamanda, mashua gani ya huku hainuki papa?"

Aliweka kidole kwenye bunduki. Mwisho akacheka, akaenda zake.

Fundi Mkuu hakucheka. "Umetia sifa?"

"Nimetia."

"Basi huna siku mbili hapa. Mchukue dada yako na mumewe, mwondoke leo."

"Na wewe?"

"Mke wangu mgonjwa, hawezi safari. Nenda, mwanangu."

Tukavuka hadi Kenya, tukapokewa katika kambi ya wakimbizi. Miezi ikapita, na mnunuzi akaileta mashua ileile pwani ya huku, nyeusi imebanduka, jina liko wazi. Shemeji akaitambua, wazee wakasimama naye, akarudishiwa. Tulichinja mbuzi.

Kisha mke wa Fundi Mkuu akafika kambini, mzima lakini mjane. Mnunuzi alikuwa amerudi Kismayu na ghadhabu zake, na Kamanda akauliza nani aliyeipaka mashua ile. "Mimi," mumewe alijibu. "Macho yamezeeka, nilichanganya makopo." Wakampiga risasi palepale.

Siku hizi nimestaafu kazi ya mashua. Nachora picha zisizo na sura ya mtu wala kitu. Nagandisha vipande vya tanga kuukuu juu ya ubao, napaka shahamu, naifuatishia rangi tano au saba, halafu nakwangua. Mahali pengine natia sifa, nasubiri jua libandue. Wageni wanazipenda.

Mjane yule ni jirani yangu hapa Mombasa. Jana tu aliwaambia wajukuu kwamba babu yao alikuwa fundi hodari, ila uzeeni alikosea rangi, na kosa hilo likamuua. Nilikuwepo, nikanyamaza, kama nilivyonyamaza miaka yote. Naona aibu. Fundi Mkuu hakukosea kopo hata siku moja maishani mwake. Sifa niliitia mimi, na leo, nikishaandika haya, nakwenda kumwambia mkewe.