Shiromani Ndani ya Turubai

Jamani, nitawasimulia, lakini atakayecheka kabla sijamaliza nanyamaza hapo hapo, maana aibu niliyoipata siku ile, mpaka leo nikiikumbuka najifunika uso kwa kofia.

Mimi ni fundi turubai, kibanda changu kiko Magoudjou, Moroni, ila kwetu ni Mutsamudu, na kisiwa chetu cha Nzwani kilipotangaza kujitenga na Komoro nikaona bora nifiche asili yangu, kwa sababu vijana wengine walishaanza kututupia maneno. Nikajifanya mtu wa kusini mwa Ngazidja, kisiwa hiki cha Moroni (na lafudhi yangu hii, mtihani mtupu!), nikawa naongea kwa kubania. Cha kuniumbua kilikuwa kimoja tu, shiromani la mama, lile shuka jekundu na jeupe wanalojitanda wanawake wa kwetu. Alinipa gatini siku ya mwisho kumwona, na tangu boti za kwenda kwetu zisimame sikuwa nimepata hata salamu yake.

Basi kwa akili zangu nyingi nikalishona katikati ya viraka viwili vya turubai kuukuu, kwa uzi mwembamba ili siku nikilitaka nilifumue upesi, nikalisukuma chini kabisa ya rundo. Nani angelichagua lile?

Akaja Mzee Abdou, dereva, lori lake la bodi wazi limebeba kitanda, godoro na makabati ya harusi kubwa, mawingu yametanda. Akayainua maturubai moja moja, akiyapima kwa mkono (mimi ndiye niliyewafundisha madereva wote kwamba jepesi linapitisha maji, chagua zito), mpaka akalifikia langu.

"Fundi, hili! Zito kama ulivyosema."

"Hilo bovu, mzee wangu."

"Bovu wapi, na kiraka umepiga mara mbili?"

Nikasema haya, nikapanda juu ya mzigo eti nikalilinde.

Tulipoanza kuteremka upepo ukaingia chini ya turubai, uzi wangu mwembamba ukaachia, kiraka kikafunguka na shiromani likatoka lote likapepea juu ya makabati, na wanawake waliokuwa wanafuata na ngoma wakapiga vigelegele: "Bwana harusi kaleta na shiromani!" Mimi nimelala kifudifudi juu ya godoro nalikimbiza kwa mikono, kofia imeshaanguka, nao wakadhani nacheza, wakanipigia makofi.

Vichochoro vya Badjanani, mji wa kale tulikokuwa tunaelekea, havipitiki kwa lori, kwa hiyo tukasimama mwanzoni mwa mji ili vyombo vibebwe kwa mikono. Bibi yake bibi harusi, ambaye kila mtu alimwita koko, akalichukua shiromani akaliweka begani. Na cha harusi kikishapita barabarani na kupigiwa vigelegele, hicho ni cha bibi harusi, hakirudi. Ninyamaze nilipoteze, au niseme nijulikane?

"Koko, niwie radhi, hilo ni la mama yangu," nikasema, na kwa kiwewe maneno yakatoka kwa Kinzwani kitupu.

"Mama yako yuko huko huko Mutsamudu?" koko akauliza.

"Umejuaje, koko?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Abdou akasema, "Fundi, kila ukitoboa tundu za kamba unahesabu kwa sauti, kwa lugha ya kwenu! Magoudjou nzima inajua."

Koko peke yake hakucheka. Alilikunja shiromani taratibu, akanikabidhi. "Mzima?"

"Sijui, koko."

Nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya ngoma na makabati. Koko akainua mikono, na wanawake wote wakainua yao, wakamwombea mama yangu dua pale pale barabarani. Manyunyu yalishaanza kuanguka juu ya godoro jipya, na hakuna aliyelikimbilia mpaka ikasemwa amina.

Boti ziliporudi nililipeleka shiromani Mutsamudu. Mama alikuwa mzima, akaligeuza akaona pindo limechanika, nikamweleza yote. "Shuka langu limeshaingia harusi kubwa Moroni," akasema, "wewe lini?"

Nami niliapa sitaficha tena nikipendacho kwa uzi mwembamba, na tundu zangu sasa nazihesabu kwa sauti ya juu zaidi.